Mnaoicheka jQuery, Mnamcheka Nani?

Siku hizi mtu akitaka kuonekana mjuaji wa mambo ya programu, njia ya mkato ni kuicheka jQuery. Sema tu kwenye kikundi cha madevelopa kwamba tovuti unayoishughulikia inaitumia, uone majibu. "Ati jQuery? Kwani bado ipo?" Mmoja ataweka picha ya dinosaria. Mwingine, aliyemaliza kozi ya miezi sita wiki jana, atakushauri kwa upole wa mchungaji uandike kila kitu upya kwa React. Hakuna atakayeuliza tovuti ni ya nani, inafanya kazi gani, na je, imeharibika?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloniudhi, manake halijawahi kuulizwa. Tumefika mahali ambapo kitu kuwa kizee ni kosa tosha, hata kama kinafanya kazi. Mimi nasema hivi: maktaba ya programu haipimwi kwa mambo mapya inayoleta kila mwaka. Inapimwa kwa vitu ambavyo haikuvivunja ilipokuwa ikikua. Kwa kipimo hicho jQuery ni kati ya kazi za heshima zaidi zilizowahi kufanywa kwenye mtandao, na wengi wanaoicheka hawajajenga kitu kilichodumu hata miaka mitatu.

Tuanze na historia, kwa sababu kejeli nyingi hapa zinatokana na kutoijua.

Mwaka 2006, kutengeneza ukurasa wa mtandao ilikuwa kazi ya ukalimani. Kulikuwa na Internet Explorer 6 ya Microsoft, kulikuwa na Firefox, Safari na Opera, na kila kivinjari kilizungumza JavaScript kwa lahaja yake. Ukitaka kitufe kikibonyezwa kitu kitokee, Firefox ilitaka uiambie addEventListener. Internet Explorer ilitaka attachEvent. Ukizungumza lahaja ya mmoja, mwingine anakukodolea macho tu. Kwa hivyo uliandika kila jambo mara mbili, mara nyingine tatu, halafu ukaomba Mungu.

Januari mwaka huo, John Resig, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama kwenye mkutano wa BarCamp jijini New York akaonyesha maktaba aliyoiandika. Agosti likatoka toleo la 1.0. Wazo lake lilikuwa rahisi: wewe sema mara moja, maktaba itatafsiri. Unaandika alama ya dola, mabano, na ndani yake jina la kitu unachokitafuta kwenye ukurasa, unapewa kitu hicho mkononi. Kifiche, kionyeshe, kibadilishe rangi, kitume kikalete habari kutoka kwa seva. Tena bure, kwa leseni huria, msimbo wote uko wazi na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha.

Hiyo alama ya dola ndiyo iliyowafungulia mlango maelfu ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la sayansi ya kompyuta. Mtu alijifunzia kwenye saiba, kwa shilingi moja kwa dakika, akanakili mistari kumi, akaona menyu inateremka, akajiambia: kumbe naweza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi wenu mnaotembea na laptopu zenye stika leo mmefundishwa na mtu aliyezaliwa kwenye mtandao kupitia mlango huo.

Lakini shukrani si hoja yangu. Hoja yangu ni tabia, na tabia ya jQuery ilionekana mapema. Wakati ule kulikuwa na maktaba nyingine, zikiwemo Prototype na MooTools, ambazo zilikuwa na mtindo wa kuongeza maneno yao ndani ya lugha yenyewe. Yaani, badala ya kuweka vyombo vyao kwenye kabati lao, walivipanga kwenye jikoni la kila mtu. jQuery ilikataa kufanya hivyo. Vitu vyake viliwekwa chini ya jina lake. Na kama maktaba nyingine iliitaka ile alama ya dola, jQuery ilikuwa na amri ya noConflict: chukua, mimi nitatumia jina langu refu.

Utaniambia hayo ni mambo madogo. Basi sikiliza yaliyotokea mwaka 2018. Kamati ya TC39, inayosimamia lugha ya JavaScript, ilitaka kuongeza neno jipya, flatten, la kuzilainisha orodha zilizo ndani ya orodha. Firefox ilipolijaribu, ikagundulika kwamba kuna tovuti za zamani zitavunjika, kwa sababu MooTools ilikuwa imelitumia neno hilohilo kwa njia yake miaka mingi kabla. Ukazuka ubishi mkubwa, hata mmoja akapendekeza kwa utani jina la smoosh. Mwishowe kamati ikachagua neno jingine kabisa: flat. Hebu fikiria. Lugha inayotumiwa na dunia nzima ilikubali kupinda ili tovuti za watu wasiojulikana, zilizojengwa na mafundi ambao labda walishaacha kazi, ziendelee kufunguka. Wenye lugha wenyewe wanaheshimu vya kale. Nyinyi mnaotumia lugha yao mnavicheka.

Sasa tuangalie jQuery ilivyokua, manake kukua kunaumiza na hapo ndipo tabia hujulikana.

Novemba 2011, kwenye toleo la 1.7, walileta njia mpya ya kusikiliza matukio kwenye ukurasa, iliyoitwa on, ili ichukue nafasi ya njia tatu zilizokuwa zinawachanganya watu. Mojawapo ya zile za zamani iliitwa live, na tovuti nyingi sana ziliitegemea. Hawakuiondoa siku hiyo. Walisema: inastaafu, anzeni kuhama. Iliondolewa Januari 2013, kwenye toleo la 1.9, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Na hata hapo, pamoja na 1.9 walitoa kifaa kinachoitwa Migrate. Unakiweka kwenye tovuti yako, kinarudisha kwa muda yale yaliyoondolewa, na kila ukigusa kitu kilichostaafu kinakuandikia onyo: hapa unatumia njia ya zamani, njia mpya ni hii. Huko ni kumsindikiza mgeni hadi barabarani, si kumfungia mlango usoni.

Aprili mwaka huohuo wakatoa 2.0, iliyoachana na Internet Explorer 6, 7 na 8. Maktaba nyingi zingeishia hapo: anayetumia kivinjari cha zamani shauri yake. Wao waliendeleza matoleo mawili kwa pamoja. Laini ya 2 kwa vivinjari vipya, laini ya 1 kwa vya zamani, na amri zikiwa zilezile. Kumbuka kwamba 2013 Windows XP ilikuwa bado hai, Microsoft yenyewe iliisitishia huduma Aprili 2014, na kwenye XP hungeweza kupata Internet Explorer iliyopita toleo la 8. Mtu aliyekuwa kwenye saiba ya mtaani anajaza fomu kwa kompyuta ya XP hakuwa na neno kwenye mkutano wowote wa madevelopa. Lakini kuna watu walikaa wakamfikiria.

Laini hizo mbili ziliunganishwa kwenye 3.0, Juni 2016. Na Februari 2024 likatoka toleo la majaribio la 4.0. Lilipoondoa vitu, liliondoa vile ambavyo vivinjari vyenyewe sasa vinavifanya, kama kukata nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maneno. Maktaba inajipunguza yenyewe kadiri kazi yake inavyopata mwenyewe. Na hapo hapo, bado lilikuwa linaihudumia Internet Explorer 11, ambayo Microsoft ilikuwa imeistaafisha Juni 2022. Mzazi ameshahama, jirani bado anampa mtoto chakula.

Isitoshe, kazi hii haikuwa ya mtu mmoja anayelinda jina lake. Resig alihamia Khan Academy mwaka 2011. Wengine wakashika jembe. Ikaundwa taasisi isiyo ya faida, ikaungana na nyingine, na leo mradi uko chini ya OpenJS Foundation. Majina yamebadilika, ahadi imebaki.

Linganisha na njia nyingine ya kukua. AngularJS ya Google ilitoka 2010, ikapendwa, kampuni zikajenga mifumo mizima juu yake. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba toleo la pili litaandikwa upya, na lilipotoka Septemba 2016 lilikuwa maktaba nyingine kabisa yenye jina linalofanana. Ukweli usemwe: walitoa njia ya kuhama na hawakuua la zamani mara moja, huduma zake zilisitishwa mwisho wa 2021. Lakini kuhama kwenyewe kulikuwa kujenga nyumba upya. Kampuni yenye mainjinia hamsini ilikunja mikono ya shati. Kampuni yenye injinia mmoja ilibaki kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshatangaza kwamba haikarabati tena.

Na hapa ndipo neno maendeleo linahitaji kubanwa kidogo. Maendeleo ya nani? Kila mara maktaba inapovunja ya jana kwa ajili ya kesho, kuna bili inaandikwa. Aliyefanya uamuzi yuko San Francisco au London na mshahara wake hauguswi. Bili inateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa anayeshindwa kuisukuma mbele.

Chukua mfano wa shule ya upili ya mashinani, kule Kakamega au Makueni, iliyotengenezewa tovuti mwaka 2014 na kijana wa mtaani kwa elfu ishirini. Ina picha zinazopokezana, ina fomu ya kuomba nafasi, ina ukurasa wa karo. Kijana aliyeijenga alishaenda Qatar. Tovuti bado inafunguka. Mzazi anaiona, anajua karo ni ngapi, anapata nambari ya simu ya mwalimu mkuu. Ni kitu gani hasa kilichoharibika hapo? Ukimwambia mwalimu mkuu kwamba tovuti yake ni aibu na inahitaji kuandikwa upya kwa laki mbili, pesa hizo zitatoka wapi? Kwenye unga, au kwenye vitabu?

Na usidhani shule hiyo iko peke yake. W3Techs, wanaohesabu teknolojia zinazotumika mtandaoni, wamekuwa wakiikuta jQuery kwenye zaidi ya asilimia 70 ya tovuti zote. Sehemu kubwa ni kwa sababu ya WordPress, ambayo imekuja nayo kwa miaka mingi. Yaani mtandao unaotumiwa na watu wa kawaida, wa makanisa, sacco, hoteli ndogo na magazeti ya kaunti, umesimama juu ya kitu mnachokiita maiti.

Najua mtakayosema. Mtasema jQuery ni nzito. Sawa, tuiweke kwenye mizani. Ikibanwa kwa ajili ya kusafirishwa, ni kama kilobaiti 30. Kwa ukurasa usioihitaji, hizo ni kilobaiti 30 za bure, na anayeiondoa kwa sababu hiyo ninampigia makofi. Serikali ya Uingereza ilifanya hivyo kwenye tovuti yake ya GOV.UK mwaka 2022. Waliitoa, wakapima kabla na baada, na wakaona kwamba waliofaidi zaidi ni wenye simu dhaifu na mtandao wa polepole. Huo ndio ustaarabu: uondoe kwa ajili ya mtumiaji, na upime.

Lakini si hivyo mnavyofanya. Mnaondoa kilobaiti 30 mnaweka mzigo mara kumi. Takwimu za HTTP Archive za mwaka 2022 zinaonyesha ukurasa wa wastani kwenye simu ulikuwa umepita kilobaiti 400 za JavaScript. Hizo hazikuletwa na jQuery peke yake. Zimeletwa na mazoea ya kujenga ukurasa wa maneno matatu kana kwamba ni Facebook. Mtu wa bando la shilingi ishirini anangoja duara linazunguka, linazunguka, halafu anapata ukurasa mweupe. Anayetumia Opera Mini kwa hali ya kubana data ana shida zaidi, kwa kuwa huko JavaScript huendeshwa kwenye seva na kusimamishwa baada ya muda mfupi. Tovuti inayojichora yote kwa JavaScript inaweza kumwacha hana kitu. Ile ya shule, yenye maneno yake ndani ya HTML na jQuery ikisukuma picha tu, inamfungukia.

Mtasema pia matoleo ya zamani yana matundu ya usalama. Hiyo ni hoja ya kweli, na ni nzito kuliko zote. Aprili 2020 timu ya jQuery ilitoa 3.5.0 kuziba tundu ambalo lingeweza kumruhusu mtu mbaya kupenyeza msimbo wake kwenye ukurasa wa wengine. Kuliziba kulilazimu kubadilisha tabia ya zamani ya maktaba, na walisema wazi kwamba tovuti chache zitaumia. Walieleza ni zipi na kwa nini, wakatoa na dawa ya muda kupitia Migrate. Basi hoja ya usalama inatuambia tupandishe toleo. Haituambii tubomoe. Gari likihitaji breki mpya, fundi hakuambii ununue helikopta.

Tena, angalia kinachotokea hata kupandisha toleo kukifanywa kwa pupa. WordPress ilikaa na jQuery 1.12.4 kwa miaka kadhaa. Agosti 2020, kwenye toleo lake la 5.5, iliacha kuweka Migrate ya zamani, na tovuti zikaanza kukwama: vitufe havibonyezeki, slaida hazisogei, wenye tovuti hawajui kilichowapata. Ikabidi itolewe plagini ya kuirudisha. Wale waliochanganyikiwa siku hizo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye biashara zao, ambao hawakuwahi kusikia neno Migrate mpaka siku lilipoondoka.

Na mtasema vivinjari vya leo vinaelewana, hatuhitaji mkalimani. Ni kweli. Lakini jiulizeni vilijifunza kwa nani. Ile njia ya kutafuta kitu kwenye ukurasa kwa kutumia vitambulisho vya CSS, ambayo jQuery iliifanya mazoea ya kila developa, iliingia ndani ya vivinjari vyenyewe kwa jina la querySelectorAll kuanzia 2008 hivi. Mnaiandika kila siku. Mnakula kwenye sahani mnayoitemea mate.

Kwa hivyo sisemi mradi mpya wa leo uanze na jQuery. Pengine hauihitaji, na timu yenyewe imetumia miaka ikifanya iwe hivyo. React nayo ina mahali pake, na kwa haki yake imejitahidi kutovunja misimbo ya zamani, ingawa mashabiki wake wanazungumza kana kwamba kilichoandikwa kabla ya 2019 ni dhambi. Ninachopinga ni dharau. Dharau ina madhara, tena makubwa kuliko ya ladha tu.

Madhara ya kwanza ni kwa vijana wenyewe. Tunawafundisha kuanzisha vitu, hatuwafundishi kutunza. Mtu anahitimu akiwa amejenga programu tano za orodha ya kazi za nyumbani, lakini ukimpa tovuti halisi yenye miaka kumi, yenye wateja, yenye msimbo wa watu wanne waliopita, anaogopa. Anaiita takataka kwa sababu hawezi kuisoma. Create React App, ambayo kozi nyingi zilikuwa zikianza nayo, ilistaafishwa Februari 2025. Aliyefundishwa chombo pekee ameachwa na chombo mfu mkononi. Aliyefundishwa JavaScript, HTML na subira ya kusoma kazi ya mwingine, bado ana kazi.

Madhara ya pili ni kwa nchi yenye mikono kama yetu. Sisi ni watu wa kukarabati. Gikomba hawatupi, Kariobangi hawatupi, fundi wa simu pale River Road anabadilisha kioo cha simu ambayo kiwanda kimeshaisahau. Huo ni ujuzi, na tunausifu tukiuona kwenye chuma na mbao. Kwa nini tukifika kwenye msimbo tunaanza kuona haya? Ni nani aliyetuambia kwamba ustaarabu wa kidijitali ni kubadilisha kila kitu kila baada ya miezi kumi na minane, kama watu ambao bili haiwafikii?

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema unapita.

Basi kabla hujaing'oa jQuery kwenye tovuti ya mtu, fanya jambo moja. Ifungue kwa simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata, kwa bando la kununua, ukiwa kwenye matatu inayopita mahali ambapo mtandao hukatika. Halafu fungua hiyo mpya unayotaka kumuuzia mwenye tovuti, kwa simu hiyohiyo, kwenye barabara hiyohiyo. Kama yako inafunguka kwanza, ing'oe, nitakushikia tochi. Kama haifunguki, funga laptopu, pandisha toleo, ziba tundu, umtoze mwalimu mkuu bei ya haki, uende zako nyumbani.